Mzee hamtambui mwanawe kwa sura: Sikio linahusikaje?

Ndugu msomaji, huenda umewahi kumuona mzee aliyepata kiharusi, akapona kiasi cha kutembea na kuzungumza, lakini mwanawe akiingia chumbani humtazama kama mgeni. Mwana akitoa salamu tu, mzee humjua kwa sauti. Jamaa husema anajifanya, au amerogwa. Sivyo. Imeumia sehemu ya ubongo inayopambanua sura, iliyo chini kwa nyuma, hasa upande wa kulia. Daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, aliipa hali hii jina mwaka 1947. Wapo pia wanaozaliwa nayo.

Sasa sikio linaingiaje hapa? Ndani kabisa ya sikio, jirani na sehemu ya kusikia, mna vimfereji vitatu vyenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji hayo huchelewa kidogo kufuata, na mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni. Ndiyo sababu mojawapo huyumbi unapoinuka kutoka katika sijida. Habari hizo hazikomei mahali pamoja. Husambaa sehemu nyingi za ubongo.

Mwaka 2005 David Wilkinson na wenzake walichapisha habari za mgonjwa mmoja aliyepoteza uwezo wa kutambua sura baada ya ubongo kuumia upande wa kulia. Walipitisha umeme nyuma ya masikio yake, hafifu hata mwenyewe hakuuhisi. Kabla ya hapo, akipewa picha za sura azilinganishe, alikuwa akibahatisha tu. Baada ya umeme ule akaanza kupatia zaidi ya kubahatisha. Yaelekea umeme huo huchangamsha sehemu za ubongo zilizozubaa lakini hazijafa.

Tusikimbilie kufurahi. Huyo ni mgonjwa mmoja, na kulinganisha picha si sawa na kumjua mkeo katikati ya watu sokoni. Hii si tiba ya kawaida hospitalini. Na tafadhali sana, asitokee fundi redio wa mtaani akaunganisha betri kichwani mwa mzee! Atamletea kizunguzungu na kumuunguza ngozi.

Nyumbani, kila anayeingia aseme kwanza na ajitaje jina, watoto nao wazoezwe hivyo. Wageni waache ule mtindo wa kumuuliza mzee, "Mimi nani?", kisha wakacheka. Lakini ikiwa hali hii imezuka ghafla, hasa ikiwa uso umepinda au mkono umelegea, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.