Vita vya Dakika 38, Tone la Miaka 13

Agosti 27, 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Waingereza zilianza kulipiga kwa mizinga jumba la Sultani wa Zanzibar. Kosa la Khalid bin Barghash lilikuwa kukikalia kiti cha enzi siku mbili kabla, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki, bila ridhaa ya Mwingereza. Saa nne haijafika, vita vimekwisha. Wengi huandika dakika 38, wengine 45. Inategemea unahesabu kuanzia mlio upi. Vyovyote iwavyo, historia haijaandika vita vifupi zaidi. Hupendwa sana kwenye chemshabongo, kwa kicheko, ingawa upande wa jumba watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Mwaka huohuo, huko Brisbane, Australia, mwalimu wa fizikia Thomas Parnell alimimina lami ya moto kwenye faneli ya kioo. Akaiacha itulie miaka mitatu, ndipo akaukata mdomo wa faneli. Alitaka wanafunzi waone kwamba lami, ambayo ukiigonga kwa nyundo inapasuka vipande, kumbe ni kimiminika. Tangu hapo yamedondoka matone tisa, na hutajwa kuwa miongoni mwa majaribio ya maabara yaliyodumu zaidi duniani. Aliyenigusa ni John Mainstone, aliyelitunza kuanzia 1961. Mwaka 1988 alitoka kidogo kutafuta kinywaji, tone likaanguka asilione. Mwaka 2000 waliweka kamera, nayo ikagoma wakati uleule tone jingine lilipoanguka. Alifariki Agosti 2013. Tone la tisa, lililojikusanya kwa zaidi ya miaka 13, likaachia Aprili 2014.

Kwa wenye haraka yupo Eliud Kipchoge: Vienna, Oktoba 2019, marathoni kwa saa 1:59:40. Haikuingia kwenye rekodi rasmi, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na waongoza kasi walipokezana njiani. Binadamu alizikimbia kilomita zile, karatasi ikakataa. Ya Kelvin Kiptum, 2:00:35 mjini Chicago mwaka 2023, ilikubaliwa.

Na rekodi za mtandaoni? Wazazi, wimbo wa Baby Shark mnaujua, mpende msipende. Januari 2022 video yake ilikuwa ya kwanza YouTube kutazamwa mara bilioni 10, wakati dunia nzima haikuwa na watu bilioni nane. Watoto hawatosheki na mara moja.

Na Kimani Maruge wa Eldoret, aliyetambuliwa kuwa mkongwe kuliko wote waliowahi kuanza shule ya msingi: mwaka 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza kwa kaptula na soksi ndefu kama wenzake. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, asisomewe. Mwaka uliofuata akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, kwenda New York kuuambia Umoja wa Mataifa kwamba elimu ya msingi iwe bure.