Mabibi Waliofuma Soksi na Kukataa Vita

Sote twajua jinsi bibi mzee anavyokaa mbele ya nyumba yake wakati wa jioni: mikono yake haitulii. Akikosa maharagwe ya kuchambua, atashika kikapu cha kusuka. Akikosa kikapu, atamwita mjukuu na kumsuka nywele. Leo twapenda kuwasimulia habari za mabibi wa mji wa New York, katika nchi ya Marekani, ambao mikono yao nayo haikutulia. Walishika sindano na uzi wa sufu, wakawafumia soksi askari waliokatwa miguu kwa sababu ya vita. Na baadhi ya mabibi hao walitiwa pingu na polisi kwa kuvipinga vita vile vile.

Huenda msomaji atauliza: yawezekanaje? Mtu anayekataa vita atampendaje askari? Na anayemfumia askari, atasemaje kwamba havitaki vita? Swali hilo ni jema, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Siku walipoomba kuandikwa askari

Vita vya Iraq vilianza mwezi wa Machi 2003. Katika mji wa New York aliishi Bibi Joan Wile, mtungaji wa nyimbo, mwenye wajukuu. Siku moja aliona katika gazeti picha ya mtoto wa Iraq aliyepoteza mikono yake yote miwili kwa bomu, na pamoja na mikono yake, wazazi wake. Picha ile ilimkaa moyoni. Jumatano, tarehe 14 Januari 2004, alisimama kando ya barabara kuu iitwayo Fifth Avenue, katika baridi kali, ili kudai amani mbele ya watu wote. Waliosimama naye siku ile walikuwa wachache mno. Lakini Jumatano iliyofuata walirudi, na nyingine tena, na desturi hiyo ikadumu miaka mingi. Wapita njia wengine waliwashukuru. Wengine waliwakemea, wakisema kwamba wanawatukana vijana walioko vitani.

Ndipo baadhi ya mabibi wakafanya shauri la ajabu. Jumatatu, tarehe 17 Oktoba 2005, mabibi 18 walikwenda Times Square, mahali penye taa nyingi katikati ya mji, ambapo jeshi lilikuwa na ofisi ya kuandikia askari wapya. Wengine walitembelea fimbo, wengine walisukuma vigari vya kuwategemeza wasianguke. Na haja yao ilikuwa nini? Walitaka kuandikwa askari! Walisema kwamba wao wamekwisha kuishi maisha marefu. Basi wapelekwe wao Iraq, na vijana waachwe nyumbani ili nao wapate kuzeeka.

Mlango ulikuwa umefungwa. Walibisha, wasifunguliwe. Basi wakaketi chini mbele ya ofisi. Polisi wakawaamuru waondoke, nao hawakuondoka. Wakatiwa pingu, wakapakiwa katika magari ya polisi, wakafungiwa kwa muda wa saa nne na nusu. Mmoja wao, Bibi Marie Runyon, alikuwa na umri wa miaka 90, na macho yake yalikuwa karibu kupofuka. Huyu hakuwa mtu asiyejua sheria: zamani alikuwa mjumbe katika baraza la kutunga sheria la jimbo la New York.

Kesi yao ilisikilizwa mwezi wa Aprili 2006. Mabibi walisimama mbele ya hakimu na kueleza sababu za tendo lao. Walishitakiwa kwamba waliziba njia ya kuingilia katika ofisi ya jeshi. Tarehe 27 Aprili, Hakimu Neil Ross aliwaachilia huru wote 18, kwa kuwa ilionekana kwamba waliacha nafasi ya kutosha kwa mtu aliyetaka kupita. Tokea siku zile walijulikana kwa jina la Granny Peace Brigade, maana yake Kikosi cha Mabibi wa Amani. Tazameni jinsi walivyochukua neno la jeshi na kulivika nguo nyingine.

Kigutu na soksi yake

Sasa tuje kwenye kufuma. Katika vita vya Iraq na vya Afghanistan, adui aliwangojea askari wa Marekani kwa mabomu yaliyofichwa kando ya barabara. Askari walikuwa na fulana ngumu za kulinda kifua, na madaktari waliwafikia upesi. Kwa hiyo wengi ambao katika vita vya zamani wangalikufa, waliponyoka na uhai. Lakini fulana haifuniki miguu. Katika vita vya Iraq peke yake, askari wa Marekani waliokufa ni karibu 4,500, na waliojeruhiwa ni zaidi ya 32,000. Tukihesabu vita vyote viwili, waliokatwa mguu au mkono wanazidi 1,500. Na wananchi wa Iraq waliokufa ni wengi kuliko askari hao mara nyingi.

Daktari akikata mguu wa mtu, sehemu inayobaki huitwa kigutu. Mguu wa bandia una kikombe kigumu ambamo kigutu huingia. Lakini kigutu si kipande cha mti. Katika miezi ya kwanza huvimba, kisha hupungua. Hata katika siku moja, mtu akitembea toka asubuhi mpaka jioni, kigutu chaweza kunywea. Kikombe hakinywei. Hapo mguu hulegea na kuichubua ngozi. Dawa yake ni soksi: mtu huvaa moja asubuhi, na mchana, kigutu kikinywea, huongeza ya pili juu yake. Ndiyo sababu hutengenezwa nyembamba na nene, na mwenye kuzitumia hutoka nyumbani na soksi ya akiba.

Sufu yafaa kwa kazi hiyo, kwa maana ni laini tena hunywa jasho. Soksi hufuliwa kila siku na kukaushwa vema, kwa kuwa unyevu huoza ngozi. Na mfumaji hujihadhari sana na mafundo. Fundo dogo kama punje ya mtama, likielemewa na uzito wa mwili mzima, hufanya kidonda. Na mwenye kidonda huuweka mguu wake pembeni, akarudi kwenye magongo siku nyingi.

Wapo watakaosema: mbona viwanda hufuma soksi hizo kwa mashine, na siku hizi kuna hata vifuko laini vya silikoni? Ni kweli, na askari wengi hutumia hivyo. Lakini fikirini kazi ya mikono ilivyo. Mfumaji lazima ajue urefu wa kigutu, upana wake juu na upana wake chini. Lazima ajue kama kimekatwa chini ya goti au juu yake. Hukaa na vipimo hivyo saa nyingi, mshono baada ya mshono. Mtu aweza kuhutubia juu ya vita mwaka mzima bila kuwaza kigutu hata kimoja. Lakini hakuna awezaye kufuma soksi ya kigutu bila kukiwaza kigutu.

Soksi moja, nia mbili

Mabibi wa New York hawakuwa wa kwanza kufuma soksi za namna hiyo. Katika Vita Kuu ya kwanza, Shirika la Msalaba Mwekundu liliwaomba wanawake na hata watoto wa shule wafume kwa ajili ya askari: soksi, fulana za baridi, na soksi za vigutu vile vile. Sindano zilisikika nyumbani, shuleni na katika magari ya moshi.

Katika kazi ya soksi kuna njia moja ya kuifunga ncha bila kuacha mshono unaochubua vidole. Wafumaji wa lugha ya Kiingereza huiita kwa jina la Kitchener, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Uingereza tangu 1914 mpaka alipokufa baharini mwaka 1916. Ni Kitchener huyo huyo ambaye uso wake ulichorwa katika matangazo, akinyosha kidole na kuwaita vijana waingie jeshini. Jambo hili latufikirisha. Jina la mtu mmoja laitwa penye tangazo la kuwapeleka vijana vitani, na laitwa tena penye ncha ya soksi ya kuwapunguzia maumivu.

Wanawake wengi wa siku zile walifuma wakiamini kwamba wanasaidia vita vishindwe upesi na upande wao. Wengine walishika njia nyingine: mwezi wa Aprili 1915, wanawake zaidi ya 1,000 kutoka nchi 12 walikutana katika mji wa The Hague, Uholanzi, chini ya Bibi Jane Addams wa Marekani, wakadai mataifa yapatane. Magazeti mengi yaliwacheka na kuwashutumu. Ikaonekana kana kwamba kuna makundi mawili yasiyopatana: wanawake wema wanaofuma, na wanawake wabaya wanaosema juu ya amani.

Kosa hilo ndilo mabibi wa New York walilolisahihisha kwa mikono yao. Hawakukubali kuchagua. Walikwenda kukaa mbele ya ofisi ya jeshi, na walifuma soksi kwa askari waliorudi bila miguu. Aliyewaambia kwamba wanawachukia askari, jibu lake lilikuwa pale kwenye sindano. Na hata katika zile Jumatano za Fifth Avenue, askari wa zamani walikuja kusimama pamoja nao.

Hapa lazima tuseme kweli yote. Soksi yenyewe haijui nia ya aliyeifuma. Iliyofumwa na mtu anayesifu vita, na iliyofumwa na mtu anayevikataa, huvaliwa sawasawa na hupoza sawasawa. Tena kuna hatari: serikali yaweza kufurahi kwamba wanawake wanawatunza wenye vigutu, nayo ikaendelea kutengeneza vigutu vipya. Kufuma peke yake hakumfungi mtu yeyote mkono asianzishe vita. Kwa upande mwingine, anayepiga kelele za amani bila kumtazama aliyeumizwa, amani yake ni ya midomo. Kazi hizi mbili ni kama sindano mbili za mfumaji: ukishika moja tu, hufumi kitu.

Kwa nini mabibi?

Twaweza kuuliza tena: mbona kazi hii ilishikwa na wazee? Si New York peke yake. Mwaka 1982, katika California, Bibi Barbara Wiedner alianzisha chama cha mabibi wa kupinga silaha za atomi. Mwaka 1987, katika mji wa Victoria, Kanada, kikundi cha mabibi waliovaa kofia kubwa na nguo za kuchekesha walianza kuimba hadharani dhidi ya meli za vita zenye nguvu za atomi. Wakajiita Raging Grannies, yaani Mabibi Wenye Hasira, na vikundi vya jina hilo vikaenea katika miji mingi.

Sisi twaona sababu mbili. Ya kwanza, mzee hana kazi ya kupoteza wala cheo cha kungojea. Kwa hiyo aweza kusema yale ambayo kijana huyameza. Ya pili ni kwamba bibi anakumbuka. Waliokuwa na miaka 80 au 90 mwaka 2005 walikwisha kuona vita vya 1939 hadi 1945, vya Korea, vya Vietnam. Kila mara walisikia ahadi zile zile, na kila mara waliona magongo yale yale barabarani. Bibi Marie Runyon aliishi mpaka mwaka 2018, akafa akiwa na miaka 103.

Na sisi wa Kongo

Katika nchi yetu hatuna haja ya kuvuka bahari ili tuone vigutu. Goma na Bukavu kuna vituo ambamo mafundi hutengeneza miguu ya bandia kwa watu waliopigwa risasi au kuumizwa na mabomu: askari, wakulima, mama, na watoto. Wengi wetu tunao jirani wa namna hiyo.

Kufuma nako si kugeni kwetu. Katika miaka ya 1950, mama wengi wa Kongo walifundishwa kushona na kufuma katika nyumba zilizoitwa foyers sociaux. Mikono yao iliwafundisha binti zao, na binti zao wamekwisha kuwa mabibi. Mwanafunzi anayesoma haya amwulize bibi yake kama bado anajua kufuma soksi kwa sindano, naye akae karibu aone jinsi ncha inavyofungwa bila fundo.

Na akikutana njiani na mtu wa mguu wa bandia, asianze kumwuliza alipigana upande gani. Amwamkie kwa heshima kama mkubwa wake. Ikiwa ni majira ya mvua, amwulize kama amepata soksi kavu ya kuvaa kesho.