Zilipendwa Zisigeuke Zilizosahauliwa

ALIYEPITA mitaa ya Kariakoo jioni katika miaka ya 1970 hakuhitaji kubeba redio ili asikie muziki. Nyumba zilikuwa za chini, zenye baraza mbele, na barazani ndipo redio ilipowekwa ili wenyeji na wapita njia wasikie. Wimbo wa NUTA Jazz ulioanza akiwa mtaa wa Sikukuu aliumalizia mtaa wa Nyamwezi, kwa kuwa kituo kilikuwa kimoja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na watu waliisikiliza kwa pamoja.

Hali hiyo imekwisha. Baraza nyingi zimebomolewa kupisha maghorofa ya maduka. Tangu Radio One ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, vituo vimeongezeka mwaka hata mwaka, na kijana wa leo husikiliza muziki wake kwa simu, peke yake, hata akiwa katikati ya msongamano wa mtaa wa Kongo. Ndiyo maana ni haki kuuliza iwapo vipindi vya zilipendwa bado vina wasikilizaji wa kutosha kuvilipia gharama.

Tusijidanganye kuhusu hesabu. Sensa ya mwaka 1978 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu 843,090. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Aliyekuwa na miaka 20 wakati Mlimani Park inaanzishwa mwaka 1978 sasa amepita miaka 65, na katika nchi yetu zaidi ya watu wanne kati ya kila kumi hawajatimiza hata miaka 15. Kipindi kinachowategemea wale tu waliocheza muziki huo ukumbini kinapoteza wasikilizaji kila msiba unapotokea.

Lakini zilipendwa si mali ya rika moja. Kila rika huzeeka na nyimbo zake. Waliokuwa vijana mwaka 2000, wakati Bongo Fleva inachipukia, leo wana maduka, watoto wa kusomesha na kumbukumbu zao, na ndio hasa wanaotafutwa na wafanyabiashara wanaolipia matangazo. Kipindi kilichoganda mwaka 1985 hakiwaheshimu wazee, bali kinajiandalia kufa pamoja nao. Wasimamizi wa vituo hawana budi kuisogeza mipaka ya zilipendwa kadiri miaka inavyosogea.

Hata hivyo, tunaonya dhidi ya kosa la upande wa pili, yaani kuzitupa nyimbo za bendi kwa sababu tu wapenzi wake wamepungua. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania, na zilizotaka santuri zilisafiri hadi Nairobi. Kwa hiyo nyimbo nyingi hazikuwa na makao mengine ila kanda za kituo kile, ambazo leo ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji. Ndani yake mna habari za vijiji vya ujamaa, Vita vya Kagera, ulevi, ndoa na maisha ya mjini. Huo ni urithi wa taifa, na thamani yake haipimwi kwa idadi ya salamu zinazotumwa kipindini.

Isitoshe, kwa aliyezaliwa mwaka 2005, wimbo wa mwaka 1975 ni mpya, maana hajapata kuusikia. Kinachomfukuza si umri wa wimbo, bali ukimya unaouzunguka. Mtangazaji hupiga nyimbo kumi mfululizo bila kueleza nani alitunga, nani anapuliza tarumbeta, wala mkasa gani ulizaa utunzi huo. Mwenye kujua hufurahi, na asiyejua huhama kituo. Tunapendekeza kila wimbo upigwe na maelezo yake, na wanamuziki wazee waliobaki waalikwe kusimulia wangali hai. Muhidin Gurumo alitutoka mwaka 2014, Shaaban Dede mwaka 2017, na King Kikii mwaka 2024. Yale ambayo hatukuwauliza hatutayapata tena.

Kwamba soko lipo, Kariakoo yenyewe inashuhudia. Wauzaji wanaojaza nyimbo katika memori kadi na flashi huuza nyimbo za bendi pamoja na zile mpya, na mfanyabiashara wa Kariakoo hapangi mezani kisichonunuliwa. Tatizo ni kwamba katika biashara hiyo aliyetunga hapati kitu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa tungo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, unafikia kikomo mwisho wa mwaka 2029. Muda uliobaki ni mfupi, na familia za watunzi wa rika lake zinastahili kunufaika nao kabla haujakwisha.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa ndugu zetu wa vituo vya redio walipe wanachopaswa kulipa, waweke kumbukumbu sahihi za kila wimbo wanaoupiga, na wawape vipindi hivi watangazaji wanaoujua muziki, badala ya kuwapachika waliokosa zamu nyingine. Shirika la Utangazaji nalo liongeze bidii ya kuzihamisha kanda zake katika kompyuta kabla vumbi na joto la Dar es Salaam havijazimaliza. Baraza za Kariakoo hazitarudi, lakini sauti zilizokuwa zikisikika pale bado tunazo, na kuzitunza ni wajibu wetu.