Gari ya zamani: namna ya kuidemonte bila kupoteza feza

Ku Bunia, ku Mongbwalu na mpaka huku Tchomia pembeni ya ziwa Albert, garaji nyingi ziko na gari moja yenye kulala chini ya muti, pine zimekwisha, majani imeota kwa motere. Watu wanaiita ferai. Lakini PDG wa shimo mwenye akiba kidogo, ao kijana mwenye kubeba samaki mpaka Bunia, anaweza kuinunua na kujitengenezea gari yake. Wengi wanapoteza feza siku ya kwanza, wakati wa kudemonte.

Wazungu wako na mazoea hiyo tangu zamani. Ku Uingereza, mwaka 1957, kampuni Lotus ilitoa gari ndogo Seven. Mutu aliweza kuinunua vipande vipande na kuifunga nyumbani, akaepuka kodi. Mwaka 1996 Ron Champion aliandika kitabu cha kujenga gari ya namna ile kwa pauni 250, kwa kutoa motere na viungo ndani ya Ford Escort kuukuu. Sisi hatutafute gari ya mbio. Tunatafuta ya kubeba saki za mchanga na makayabo.

Basi, chagua vizuri. Hilux na Land Rover ya zamani ziko na shasi ya pekee: ukitoa kabine, shasi na motere zinabaki zimesimama. Corolla haina ile shasi, mwili wake wenyewe ndio unashika yote. Ukiukata, umebaki na mabati. Tena angalia kutu. Gari yenye ilibeba makayabo miaka mingi, maji ya chumvi imekula shasi. Piga na nyundo: chuma nzima inalia, yenye kuoza inatoa sauti ya kufa.

Usilipe bila karte roze, na soma namba ya shasi wewe mwenyewe. Kama hazipatane, achana nayo, hata bei ikuwe tamu namna gani.

Ku kazi, anza na batri: toa waya ya mines kwanza, kusudi funguo ikigusa chuma isiwashe moto. Piga picha na telefone mbele ya kugusa kitu. Nyuzi za umeme usikate! Funga kila moja kakipande ka kitambaa, andika inatoka wapi. Bulo yenye imekamata, imwangie mazuti, ilale mpaka asubuhi. Ukitoa pyesi, rudisha bulo zake ndani ya tundu zake. Na motere, bwate, kardani na daraja la nyuma, usiziuze mbalimbali. Zilipimwa pamoja, na kutafuta kardani ya urefu ingine ni gharama mupya.

Sasa hatari. Mchimbaji haingie ndani ya shimo bila miti ya kushikilia udongo. Lakini mutu ule ule utamuona analala chini ya gari yenye kusimama juu ya kriki peke yake, ao juu ya matofali! Tofali inapasuka gafula, bila kuonya. Weka vipande vikubwa vya mbao chini ya shasi, sukuma gari na mikono mbele ya kuingia. Tangi ya esansi yenye haina kitu inaua kuliko yenye kujaa, kwa sababu moshi wa esansi ndio unalipuka. Usiweke moto wa kusude karibu nayo. Vumbi ya freni za zamani inaweza kuwa na amianti yenye kuharibu mapafu. Iloweshe maji, usiipulize.

Mafuta ya motere, litri tano ao sita, weka ndani ya bidon yenye kifuniko. Ukiimwaga chini, mvua ya kwanza inaipeleka ziwani, kwenye wamama wanateka maji na pirogi zinatega samaki.