Umegonga 28 na Unataka Kujifunza Piano? Soma Hii Kabla Utoe Deposit

Kila mbogi iko na huyo msee. Ako na job, rent analipa mwenyewe, halafu siku moja anaona klipu ya mtu akiangusha kinanda kwa lobi ya hoteli na anasema, "Manze, mimi pia lazima nijue hii kitu." Wikendi ikifika ashabeba kibodi kutoka Luthuli Avenue. Miezi mitatu baadaye, hiyo kibodi ndio inaanikiwa soksi.

Hatuko hapa kumcheka. Wasee wengi huachia hapo katikati wakidhani shida ni umri, na ukweli ni kwamba hakuna mtu aliwashow nini itawapata. So kama uko na miaka 22, 28 ama 41, na hiyo ndoto bado inakusumbua, wacha tuichambue polepole. Doo zako na roho yako ziko kwa hii stori.

Kwanza, umri unaibaga nini?

Kuna kitu moja mtoto anaweza kupata na wewe pengine hautaipata: ile sikio ya kusikia hooni ya matatu na kusema hapo hapo "hiyo ni noti ya A" bila kulinganisha na kitu ingine. Hiyo kipawa hushika mtu akiwa mdogo sana, na kwa watu wazima ni nadra kabisa. Lakini pia wasanii wengi wakali duniani hawana. Wanatumia sikio ya kulinganisha, yaani kujua hii noti iko mbali aje na ile, na hiyo inafunzwa kwa umri wowote.

Vidole je? Vya mtu mzima ni vizito kiasi mwanzoni, ni ukweli. Lakini unashinda mtoto kwa kuelewa. Ukielezwa mara moja kwa nini kitu iko hivyo, unaishika. Mtoto wa miaka sita ataimba tu bila kujua.

Shida kubwa iko mahali pengine kabisa. Masikio yako yako na miaka 28, lakini mikono yako kwa kinanda iko na wiki mbili. Umeskiza ngoma safi maisha yako yote. So ukikaa chini na kutoa kitu inasound kama ringtone ya simu ya zamani, masikio yako yanakuhukumu papo hapo. Mtoto hana hiyo shida. Akipiga noti tatu anaona amefika, na mathe anampigia makofi. Wewe hakuna mtu anakupigia makofi, na jirani anagonga ukuta.

Hiyo aibu ndio hufanya watu waache. Vidole havijakataa.

Lakini si Ryan Gosling aliwezana?

Wengi hupata moto baada ya kuona La La Land, ile filamu ya 2016. Ryan Gosling alikuwa amepita miaka 30, na alijifunza hizo vipande za piano kwa karibu miezi mitatu kabla ya kushuti. Inakupea moyo, sindio?

Ni poa, lakini soma vizuri. Huyo alikuwa tayari mtu wa muziki, mazoezi ndio ilikuwa job yake, na alikuwa anajifunza ngoma chache za filamu moja. Wewe unatoka kazi saa kumi na moja, unakaa jam ya Thika Road, unafika keja saa mbili. Miezi mitatu yake na yako si sawa. Chukua hiyo stori kama ushahidi kwamba mikono ya mtu mzima inashika. Usiichukue kama ratiba.

Unajua mengi kuliko venye unadhani

Umewahi kuimba kwaya? Kanisani, shule, hata ile ya kulazimishwa wakati wa Music Festival? Basi uko na mtaji. Kwaya nyingi hapa Kenya hufunzwa na do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Sasa angalia kibodi. Vitufe vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu. Kile cheupe kiko kushoto kabisa ya vyeusi viwili ndio C. Anzia hapo, panda na vyeupe tu hadi C ingine. Umeimba do re mi yote.

Sasa tuingie kwa kodi. Si ya landilodi, hii ni ya kinanda: noti tatu ama zaidi zikipigwa pamoja.

- Do, mi, so ni kodi ya C.
- Fa, la, do ni kodi ya F.
- So, ti, re ni kodi ya G.
- La, do, mi ni A mainor, ile ya huzuni.

Hizo nne tu zinabeba nyimbo mob sana: praise za kanisa, pop ya redio, hata benga nyingi huzunguka kwa tatu za kwanza. Ukiweza kuhama kutoka moja hadi ingine bila kusimama, ushaanza kucheza muziki.

Ngori moja ya kuchunga. Kibodi nyingi ziko na kitufe cha kuhamisha sauti juu ama chini, na kuna wapiga kinanda wengi wa kanisa wamecheza miaka kwa funguo moja tu, mwimbaji akipanda wanabonyeza hiyo kitufe. Inaokoa Jumapili. Lakini siku utawekwa mbele ya piano ya mbao, hakuna kitufe. Jifunze C, halafu G na F mapema.

Kibodi gani sasa?

Piano kamili iko na vitufe 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Ile ya mbao iko na waya zaidi ya 200 ndani, na inafaa kutuniwa angalau mara moja kwa mwaka. Kwa bedsitter ya Kasarani, sahau. Kuipandisha ngazi peke yake ni msiba.

Kibodi ya vitufe 61 inatosha kwa mwaka wa kwanza. Ukienda dukani ama ukinunua ya mtu, angalia hizi:

1. Inasikia mkono? Bonyeza kitufe kimoja polepole, halafu kwa nguvu. Sauti ikibaki ile ile, wacha hapo. Piano yote ni stori ya laini na nguvu, na jina lake la zamani la Kiitaliano, pianoforte, linamaanisha hivyo tu.
2. Vitufe ni vya saizi kamili? Kuna vidogo vya watoto. Vidole vitazoea mahali si pake.
3. Kuna shimo la hedifoni na la pedali? Hedifoni ndio itakufanya uishi kwa amani na plot. Pedali utaihitaji baadaye.
4. Inatumia betri? Stima ikipotea, mazoezi inaendelea.
5. Jaribu vitufe vyote, kimoja kimoja. Hasa kama ni ya pili mkono. Kimoja kikifa katikati, utajuta kila siku.

Kama uko na doo zaidi, tafuta piano ya dijitali ya vitufe 88 yenye uzito, yaani vitufe vinarudisha mkono kama ya mbao. Lakini usikope ndio uanze. Kibodi ya bei ghali haitakuamsha kufanya mazoezi.

Ticha ama YouTube?

YouTube itakushow wimbo. Lakini haiwezi kuona mkono wako umekaza kama unashika bodaboda kwa mara ya kwanza. Mkono uliokaza unachoka, unauma, halafu unaacha. Hiyo ndio sababu kubwa ya kulipa ticha, hata kama ni miezi miwili ya kwanza pekee.

Piga hesabu kabla. Tuseme somo moja ni thao moja na nusu. Mara moja kwa wiki, hiyo ni thao sita kwa mwezi. Ukienda kila wiki mbili ni thao tatu, na kwa mtu mzima anayefanya mazoezi, kila wiki mbili inafanya kazi. Usilipe term nzima mbele kabla ya somo moja la kujaribu.

Ukikutana na ticha, muulize tu hivi: "Umewahi kufunza mtu mzima kutoka zero?" Kuna maticha wazuri sana wa watoto ambao watakupea kitabu cha bata na kondoo, na uanze kujiona mjinga. Ticha wa mtu mzima atakuuliza unataka kucheza nini, halafu atafute toleo rahisi la hiyo.

Nairobi haina njaa ya mahali pa kujifunza. Kenya Conservatoire of Music imekuwa ikifunza tangu 1944. Kuna shule ndogo mitaani, na kuna mpiga kinanda wa kanisa lenu ambaye pengine angefurahi kupata mwanafunzi Jumamosi. Mlipe lakini. Talanta ya mtu si ya bure juu mnasali pamoja.

Na mitihani? Ile ya ABRSM kutoka Uingereza iko na gredi ya 1 hadi ya 8, na haina umri wa juu. Unaweza kukaa gredi ya 1 na miaka 45. Si lazima, lakini kuna watu wakikosa tarehe mbele yao, hawasongi.

Dakika 20, si masaa mawili

Hapa ndio wengi huanguka. Wiki nzima hawagusi, halafu Jumapili wanakaa masaa mawili. Dakika 20 mara sita kwa wiki pia ni masaa mawili, lakini haya yanafanya kazi zaidi. Ubongo hupanga mambo ya mikono ukiwa umelala. Ukifanya siku sita, umeupa usiku sita wa kupanga. Ukifanya Jumapili pekee, umeupa mmoja.

Gawanya hivi: dakika tano skeli, dakika kumi kipande kigumu, dakika tano kitu unaenjoy. Kwa skeli ya C mkono wa kulia, kidole gumba kinaanza C, kinafuatwa na cha pili na cha tatu, halafu gumba linapita chini ya vidole na kugonga F, kisha unamaliza hadi kidole cha tano. Hiyo kupita chini ndio siri ya kusonga bila kuishiwa na vidole.

Kipande kigumu, mkono mmoja kwanza. Polepole hadi inaboesha. Ukikosea mara tatu mahali pamoja, umeenda mbio sana. Ukirudia makosa mara kumi, umejifunza makosa.

Mwezi wa tatu, chunga sana

Mwezi wa kwanza kila kitu ni kipya. Mwezi wa pili unaweza kuchapia mathe wimbo mfupi kwa simu. Mwezi wa tatu ticha anasema, "Sasa mikono yote pamoja," na ghafla unarudi kuwa mtoto. Kushoto inaiga kulia. Unaona ni kama umerudi nyuma.

Haujarudi. Kazi ndio imekuwa mpya. Hapo rekodi dakika moja kwa simu na uweke. Rekodi ingine baada ya wiki nne. Masikio yako yanakudanganya kila siku, lakini rekodi haina chuki. Ukiskiza zote mbili utajua kama unasonga ama la.

Kwa wale wanarudi

Kuna wewe ulifunzwa primo, ukafika gredi ya 2 ama 3, halafu Form One na boarding zikaua hiyo stori. Habari njema: mikono hukumbuka kuliko venye unadhani. Habari mbaya: macho husahau. Utashangaa skeli inatoka yenyewe, lakini kusoma karatasi ni kama kusoma Kigiriki.

Usianzie mahali uliachia. Shuka gredi moja ama mbili, cheza vitu rahisi sana kwa wiki sita, soma karatasi mpya kila siku hata kama ni mistari miwili. Na usichukue ule wimbo wa mwisho ulioshindwa nao zamani. Una kinyongo nao. Chukua mpya.

Itakulipa?

Pengine si kwa mfuko. Kuna gigi za kanisa na harusi, lakini hizo huchukua miaka, na kuna wasee wamezaliwa juu ya kinanda. Ukiingia ukitafuta kuomoka, utatoka haraka.

Lakini angalia maisha ya mtu wa mtaa. Kila kitu tunajifunza tukiwa wakubwa lazima iwe na CV nyuma yake. Kozi ya hii, cheti cha ile. Ni lini mwisho ulijifunza kitu juu tu unaitaka, na hakuna bosi ataiuliza? Hiyo ndio piano inakupea: dakika 20 kwa siku ambazo ni zako, na uhuru wa kuwa mbaya kwa kitu bila mtu kukufuta kazi.

So leo usiku, kabla ya kununua chochote, fungua programu ya piano kwa simu, tafuta C, na upige do, mi, so. Ukifanya hivyo siku saba mfululizo na bado unataka, enda Luthuli. Siku ya nne ukisahau, umejiokolea doo.