Nywele, damu na shindano: uliza kabla ya kulipa

Papa anarudi toka machimbo ya Manguredjipa. Anavua kofia, mtoto anamwangalia: nywele za mbele zimekwisha. Nyumbani wanacheka. Mama hacheki sana, juu chini ya kitambaa chake, pembeni mwa paji la uso, nywele zimerudi nyuma. Ni miaka mingi ya meshi na kusuka kwa kukaza. Usiku, kwenye simu, inatokea video: mtu wa koti nyeupe anasema damu yako mwenyewe itaotesha nywele. Ni kweli ao ni uongo?

Tunajibu hivi: ukweli uko ndani, lakini si kwa kila kichwa. Na sherti ujue mkono unaoshika shindano.

Dawa hiyo inaitwa PRP, maana yake plasma yenye plaketi nyingi. Plaketi ni chembe ndogo za damu. Ukijikata, ndizo zinakimbilia kidonda, zinagandisha damu na kutoa vitu vinavyosaidia nyama kupona. Munganga anatoa damu mkononi mwako, anaiweka katika mashini inayozunguka kwa nguvu. Ninyi wa zahabu mtaelewa haraka: ni kama mchanga kwenye karai, kizito kinashuka, chepesi kinabaki juu. Chembe nyekundu zinakaa chini; maji ya manjano yenye plaketi yanachotwa na kurudishwa kwa shindano nyingi ndogo ndani ya ngozi ya kichwa. Mara nyingi wanafanya hivyo mara tatu, mwezi kati ya mara na mara, kisha wanarudia tena baadaye. Huko Marekani, kila mara moja inaweza kula mamia ya dola.

Inasaidia nani? Zaidi wale wenye upara wa ukoo, ule ambao baba na babu walikuwa nao, kama nywele zimepungua lakini mizizi ingali hai. Hata hapo, wengine wanaona nywele zinajaa kidogo, wengine hawaoni kitu. Kila kliniki inatengeneza plasma kwa namna yake, ni vile matokeo hayafanani. Penye kovu, mzizi umekufa. Hata plasma haiwezi kuufufua.

Lakini vichwa vingi vya kwetu havihitaji dawa hiyo hata kidogo. Ukiugua homa kali, ao ukizaa, nywele zinaweza kuanguka kwa wingi miezi miwili ao mitatu nyuma yake. Unaogopa, lakini kwa kawaida zinarudi zenyewe ndani ya miezi. Mtoto mwenye mabaka yasiyo na nywele na magamba, hayo mara nyingi ni mapunye. Yanatibiwa kwa vidonge vinavyotolewa na munganga, si kwa pomada tu. Na mama wa meshi: ukifungua mapema, ukaacha kukaza, nywele zinaweza kuota tena. Ukingoja miaka, ngozi inakuwa laini kama kiganja, na hapo njia imefungwa. Dawa ya kwanza ya mama huyo haina bei. Ni kumwambia msusi: usikaze.

Sasa tuje kwa shindano. Mwaka 2018, katika mji wa Albuquerque huko Marekani, iligunduliwa kwamba wateja wa nyumba moja ya urembo walipata virusi vya sida. Walikuwa wamechomwa usoni kwa plasma ya namna hii. Nyumba ile haikuwa na ruhusa. Wakaguzi walikuta chupa za damu zisizo na jina, na shindano zilizofunguliwa. Kama Marekani inaweza kutokea hivyo, na kwetu je?

Beni na Butembo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikakwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 2.200 walikufa. Beni, wengine, na watoto wengi kati yao, waliambukizwa ndani ya vituo vidogo vya matibabu, vile tunaita tradi-moderne, ambako usafi wa shindano na mikono haukulindwa. Walikwenda kutibiwa malaria tu.

Na ni hapa hapa tuliona pia namna dawa ya kweli inavyothibitishwa. Toka mwezi wa kumi na moja 2018, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 walipewa dawa nne ili zilinganishwe. Mojawapo ya zile mbili zilizoshinda, mAb114, chanzo chake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Profesa Muyembe alikuwa katika kazi hiyo. Damu ilileta dawa, ndiyo. Lakini ilipimwa kwanza, mbele ya watu wote.

Basi mtu akikuambia atakuotesha nywele kwa damu yako, muulize. Nywele zangu zinaanguka kwa sababu gani? Wewe ni munganga wa nini, na ruhusa yako iko wapi? Shindano na chupa vitafunguliwa mbele ya macho yangu? Jina langu litaandikwa juu ya chupa? Nikilipa mara tatu nisione kitu, itakuwaje? Akikasirika, chukua kofia yako uende.

Gramu ya zahabu inatoka shimoni kwa jasho. Kabla ya kuitoa, anza hospitali, wakuangalie kichwa. Pengine watakuambia ungoje tu. Na upara wa babu haujamuua mtu.