Neno Moja, Mikato Miwili

Kielezi cha Kiingereza "uncharacteristically" kina herufi 20. Hutumika mtu anapotenda kinyume cha tabia yake iliyozoeleka, mathalani mpole akifoka ghafla. Neno hili hukatika kwa njia mbili, kwa sauti na kwa maana, na mikato hiyo haikubaliani.

Tuanze na sauti. Kitovu cha silabi kwa kawaida ni irabu, kwa hiyo anayehesabu silabi huhesabu irabu zinazosikika, si zilizoandikwa. Kwa sikio la Mswahili, neno letu ni takribani un-ka-rak-ta-ris-tik-li: silabi 7. Tahajia yake ina irabu 8, tukiihesabu na ile "y" ya mwisho. Iliyopotea ni "a" ya "-cally". Vivumishi vinavyoishia na "-ic" vikigeuzwa vielezi huandikwa kwa "-ally" ("publicly" ni mojawapo ya vichache vilivyoasi), lakini katika matamshi ya kawaida "a" hiyo humezwa.

Mkato wa maana hutupa mofimu. Mzizi ni "character", uliotoka Kigiriki, ambako lilikuwa jina la kifaa cha kuchongea au kupigia chapa, kisha likawa jina la chapa yenyewe. Kiambishi "-istic" pia kina asili ya Kigiriki, na "-al" ni cha Kilatini. Kwenye ncha zote mbili wamekaa wenyeji: "un-" na "-ly" ni vya Kiingereza cha kale, na "-ly" ina undugu na neno lililomaanisha mwili au umbo.

Wageni na wenyeji hao hawautendei mzizi sawa. "Character" peke yake hukaziwa silabi ya kwanza. Ongeza "-istic", mkazo unahamia kwenye "ris". Ongeza "un-" mbele na "-ly" nyuma, haubanduki hapo.

Tazama sasa hiyo "ris" inayobeba mkazo. Sauti "r" ni mali ya mzizi, "is" ni ya kiambishi, lakini mdomo umezifunga pamoja bila kujali mpaka wa maana.

Kiswahili nacho hufanya hivyo. Chukua "hawakutupikia". Silabi zake ni 7: ha-wa-ku-tu-pi-ki-a. Mofimu zake pia ni 7: ha-wa-ku-tu-pik-i-a. Viambishi vinne vya mwanzo vinalingana na silabi zake. Hitilafu inaanzia kwenye mzizi. Maana inataka "pik", ila silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu, basi "k" inahamia kwa jirani.

Tofauti iko kwenye mkazo. Kwetu, karibu kila neno hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana "pika" hukaziwa "pi" na "pikia" hukaziwa "ki". Msemaji hahitaji kujua ni kiambishi gani kimeongezwa. Kwa Kiingereza sharti akijue. Anayejifunza lugha hiyo atafute "-ic" ndani ya neno refu, kisha akaze silabi iliyoitangulia. Kanuni hiyo itamfaa kwa "democratic", "scientifically", "economically" na mengine mengi, hata yale ambayo hajawahi kuyasikia.